Hizo data zako, 2035 tutazipata wapi?

Kuna sentensi moja ya mwisho mwisho kwenye makala za utafiti ambayo nikiifikia huwa nacheka peke yangu, ile ya kusema data zinapatikana ukimwomba mwandishi. Haya, mwombe uone. Imeli iliyoandikwa hapo ni ya chuo alichohama, kijana aliyekuwa anashughulika na faili zenyewe siku hizi yuko Kigali kwa kazi ingine, na laptopu iliyozibeba iliibiwa kwa matatu kitambo. Na si ati mtu alidanganya. Siku anaandika hiyo sentensi data zilikuwepo, alikuwa anaziona kwa skrini yake, na ungemuuliza siku hiyo labda angekutumia kabla ya lanchi. Shida ni wewe umekuja kuuliza miaka nane baadaye.

Hii kitu watu walishaipima. Timothy Vines na wenzake walichukua makala 516 za mambo ya mimea na wanyama, zenye umri wa kuanzia miaka 2 hadi 22, wakawaandikia waandishi kuomba data, matokeo yakatoka kwa jarida la Current Biology mwaka wa 2014. Waliona kwamba kila mwaka unaopita tangu makala ichapishwe, uwezekano wa data kuwa bado zipo unashuka kwa asilimia 17. Sababu zenyewe hata si za kushangaza, imeli zimekufa, ama data ziko kwa diski za zamani ambazo hakuna mashine ya kuzisoma tena. Sasa chukua hiyo uilete hapa kwetu, kwa projekti ya miaka mitatu iliyokodi nyumba Kilimani ikaifanya ofisi. Mfadhili akimaliza, viti vinauzwa, watu wanatawanyika kutafuta kontrakti zingine, websaiti inalipiwa mwaka mmoja zaidi kwa heshima tu, halafu basi.

Mimi kazi yangu ni kusafisha na kupanga data za watafiti, kwa hivyo haya mambo nayaona kwa karibu kuliko ningependa. Juzi nilikuwa natafuta bei za maji ya mtungi kwenye mitaa ya mabanda hapa Nairobi, nikapata ripoti safi kabisa, grafu za rangi, picha za watoto wakitabasamu, na chini ya ukurasa linki ya dataseti nzima. Nikabonyeza. Nikajikuta kwa websaiti ya kubeti. Domaini iliisha muda, hakuna aliyeilipia, mtu mwingine akaichukua, na sasa ripoti ya maji inakupeleka kuweka mkeka wa wikendi.

Kinachoniuma hapo si usumbufu wangu. Kinachoniuma ni kwamba watu wa Kibera, Mathare, Korogocho na Mukuru wameulizwa maswali mpaka wengine wanajua dodoso kabla enumereta, yule anayezunguka kuuliza maswali, hajawasha tableti. Choo mnashirikiana familia ngapi. Maji mnanunua wapi. Mtoto alihara lini. Sasa data zikipotea, mtafiti anayefuata hana njia ila kurudi kwa mlango ule ule kumuuliza mama yule yule, na yule mama anaacha kufua anakaa chini anajibu tena, bila malipo, na jibu lake la kwanza liko mahali kwa flashi ya mtu. Kwa hivyo mtu akiniambia mambo ya kuhifadhi data na kuzipa namba ni mambo ya wazungu wa maktaba, mimi huwa najiuliza kama ameshawahi kutembea na dodoso kwa jua la Januari.

Sasa wengi wetu tumeamua jibu ni Google Drive. Unaweka foda, unatoa linki, unaibandika kwa makala, umemaliza. Lakini foda ni ya akaunti ya mtu, na mtu akitoka kazini akaunti inafungwa, ama anasafisha Drive yake kwa sababu ya nafasi, ama mtu wa ICT anabadilisha mipangilio na wote wa nje wanaanza kuona ule ukurasa wa omba ruhusa. Unaomba. Ruhusa inaenda kwa imeli ambayo hakuna anayeisoma.

Ndio hapo vitambulishi vya kudumu vinaingia, na kile watu wengi wanakijua ni DOI. Umeiona, ile namba inaanza na 10 halafu nukta, halafu tarakimu, mkwaju, na herufi zingine. Ukiona 10.5281 hiyo ni Zenodo, ukiona 10.7910 hiyo ni Dataverse ya Harvard, zote mbili hazina za data za mtandaoni. Sehemu ya kabla ya mkwaju inaonyesha ilisajiliwa chini ya nani, ya baada ya mkwaju ni ya kitu chenyewe. Ukiweka https://doi.org/ mbele ya hiyo namba, kuna mtambo unaangalia kwa daftari kuona leo hii kitu kinakaa wapi, halafu unakupeleka huko. Ni kama line yako ya simu, simu ikiibiwa unanunua ingine, unarudishiwa line, na anayekupigia hajui hata kama ulibadilisha chochote. Data zikihama kutoka seva moja kwenda ingine, mwenye nazo anabadilisha ile anwani kwa daftari, na makala zote zilizowahi kutaja ile namba zinaendelea kufika.

Chini yake kuna mfumo unaitwa Handle, uliotengenezwa na shirika la CNRI la Robert Kahn, huyo huyo aliyebuni TCP/IP, kanuni zinazoendesha intaneti, pamoja na Vint Cerf, kwa hivyo si watu wa jana. Hapa Nairobi wengine wanatumia Handle moja kwa moja bila kupitia DOI, ukiingia CGSpace, hazina ya machapisho ya CGIAR, mtandao wa vituo vya utafiti wa kilimo, ambayo watu wa ILRI, kile kituo cha utafiti wa mifugo huko Kabete, wamekuwa wakiitunza, utaona linki zenye 10568, hiyo ni Handle. Kwa upande wa DOI, makala za majarida nyingi zinasajiliwa kupitia Crossref iliyoanza 2000, na data kupitia DataCite iliyoanzishwa London Desemba 2009 na maktaba na taasisi za utafiti zilizochoka kuona data zinachukuliwa kama takataka za makala. Tangu 2012 DOI ina hata kiwango chake cha kimataifa cha ISO, namba 26324, kama unapenda hizo vitu.

Sasa wacha niseme kile kimenifanya niandike hii, kwa sababu kila warsha ninayokaa kuna mtu anasimama na slaidi inasema ukipata DOI data zako zimekuwa za kudumu, watu wanapiga makofi, tunaenda chai. Namba haidumishi chochote. Namba ni herufi na tarakimu tu. Kinachodumu, kama kitadumu, ni mtu fulani kwa taasisi fulani ambaye alikubali kwamba data zikihama ataenda kubadilisha anwani, na atakayemrithi ataendelea, na kuna mahali kwa bajeti pameandikwa hiyo kazi. Mtu huyo asipokuwepo, DOI inakufa vile vile linki ya kawaida inakufa, tofauti ni kwamba inakufa ikiwa imevaa suti.

Na usidhani natia chumvi. Tarehe 20 Januari 2015, doi.org yenyewe ilipata shida, mamilioni ya DOI zikawa hazifiki popote, na sababu ilikuwa domaini haikurenewiwa kwa wakati. Hiyo tu. Mfumo wote, Handle, ISO, mashirika ya heshima, na mtu hakubonyeza kitufe cha kulipia domaini. Walirekebisha haraka, na mimi siwacheki, kwanza walijitokeza wakaeleza kilichotokea. Lakini ndio ujue kwamba nyuma ya hiyo namba kuna binadamu na invoisi.

Kwa hivyo mwanafunzi akiniuliza, bosi, nitapata wapi DOI ya data zangu, mimi namrudishia swali ingine: nani atakuwa anaangalia hizo data ukishamaliza masta yako? Supavaiza? Supavaiza atastaafu. Idara? Idara haina seva, ina kompyuta moja chini ya dawati la sekretari na mtu wa usafi huichomoa akitaka kuchaji simu. Hapo ndio unaanza kuona kwa nini repozitori, yaani hazina ya data, inayoendeshwa na taasisi kubwa ina maana, hata kama iko mbali. Zenodo iko CERN, ile maabara kubwa ya fizikia huko Geneva, ilianza Mei 2013, ni bure, inakubali hadi gigabaiti 50 kwa rekodi moja, na DOI unapewa hapo hapo. Dataseti zetu nyingi za dodoso hata hazifiki megabaiti 50, kwa hivyo kisingizio cha ukubwa tukiache.

Kitu ingine ninayoipenda Zenodo ni matoleo. Ukipakia data, baadaye ukagundua safu ya umri ina watu wa miaka 190 (na utagundua, hii lazima), unapakia toleo la pili na linapata DOI yake, la kwanza linabaki vile lilivyokuwa, halafu kuna DOI moja ya juu inayowakilisha matoleo yote na inapeleka mtu kwa la karibuni. Aliyetumia toleo la kwanza anataja la kwanza, na mtu akitaka kurudia hesabu zake anapata namba zile zile, hata zikiwa na wazee wa miaka 190. Watu wengi hutaja ile ya juu kwa kila kitu. Kama umefanya uchambuzi, taja ya toleo ulilotumia haswa.

Na ukishapata DOI, iweke kwa orodha ya marejeo jamani. Sijui hii tabia ilitoka wapi ya kutaja dataseti katikati ya aya ya mbinu ama kwa shukrani, pale kati ya Mungu na mke. Mashine zinazohesabu nani ametaja nini zinasoma orodha ya marejeo. Dataseti isipokuwepo hapo, haihesabiki, na aliyekusanya hizo data hapati kitu. Jina, mwaka, kichwa, toleo, mahali ilipohifadhiwa, na DOI kwa umbo la linki nzima. Si kazi ya kukesha.

Tukiwa hapo kwa nani anapata kitu. Ukisajili dataseti DataCite kuna mambo sita lazima ujaze: namba yenyewe, waundaji, kichwa, mchapishaji, mwaka, na aina ya kitu. Watu hujaza hayo sita, waundaji wanaandikwa maprofesa wawili, wanafunga laptopu. Lakini ile fomu ina nafasi zingine za waliochangia, na kila mchangiaji unamwekea kazi aliyofanya, na kwa orodha ya hizo kazi kuna mkusanyaji data, kuna msimamizi wa data, kuna mtunzaji. Zimo tayari kwa mfumo, hakuna wa kuomba ruhusa. Wale vijana waliopanda na kushuka Mathare kwa tope, waliofukuzwa na mbwa, waliorudi mara mbili kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameenda kibarua, wanaweza kuandikwa kwa majina kwa rekodi ya kudumu, na ORCID zao kama wanazo. Waulize kwanza kama wanataka, kuna mwenye hataki jina lake kwa utafiti fulani na ana sababu zake. Lakini wengi ninaojua wangefurahi, na mmoja wao kesho akiomba skolashipu ana kitu cha kuonyesha.

ORCID yenyewe, kwa asiyejua, ni namba ya mtu, tarakimu 16, bure, imekuwepo tangu Oktoba 2012. Kwa nchi ambayo J. Mwangi wanaweza kujaza uwanja wa Nyayo, sihitaji kueleza faida yake. Kuna ingine ya taasisi inaitwa ROR, ya 2019, hiyo inasaidia kwa sababu chuo kimoja hapa mjini utakikuta kimeandikwa kwa vifupi, kwa Kiingereza kizima, kwa Kiswahili, na kwa makosa ya tahajia, na kompyuta inadhani ni vyuo vinne.

Basi kuna pingamizi moja ambayo lazima niijibu kwa sababu inakuja kila mara na iko na uzito. Mtu wa afya atasema, data zangu ni za wagonjwa, siwezi kuziweka wazi kwa kila mtu. Sawa kabisa, na usiziweke. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na data za afya humo ni data nyeti, si za kuchezea. Hata ukitoa majina, ukiacha GPS ya nyumba kwa mtaa wa mabati ambao kila mtu anamjua kila mtu, umemuanika mtu na hali yake. Lakini kupata DOI na kufungua data ni mambo mawili tofauti! Unaweza kuweka wazi maelezo tu: hii dataseti ipo, ilikusanywa mwaka fulani, mahali fulani, ina safu hizi, maana ya kila safu ni hii, ukitaka kuitumia jaza fomu hii inaenda kwa kamati hii. Data zenyewe zinabaki nyuma ya mlango. APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu hapa Nairobi, ambao wamefuatilia familia za Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wana tovuti ya data ndogondogo (microdata, yaani majibu ya mtu mmoja mmoja) ambayo unaona kilichopo halafu unaomba. KEMRI-Wellcome, watafiti wa afya, nao wana dataseti zao kwa Dataverse ya Harvard zenye DOI, na nyingine hupati bila maombi kupita kwa kamati yao. Hiyo ni tofauti kubwa na kumwomba mwandishi, kwa sababu kamati haihami kazi ikaenda Kigali.

Zile kanuni za FAIR zilizochapishwa 2016, za kutaka data ziweze kupatikana, kufikiwa, kuoanishwa na kutumika tena, ambazo kila pendekezo la fedha siku hizi linazitaja hata kama aliyeandika hajazisoma, zina kipengele kimoja watu hukiruka: maelezo ya data yanatakiwa kubaki hata data zenyewe zikiwa hazipo tena. Yaani hata ukilazimika kufuta, labda mshiriki ameondoa ridhaa ama sheria imesema, ile DOI bado inafika kwa ukurasa unaosema kulikuwa na kitu hapa, kilikuwa hiki, kimeondolewa kwa sababu hii. DataCite ndio maana hairuhusu kufuta DOI ikishatangazwa, unaweza kuificha isitafutike lakini namba haifutwi. Mimi naona huo ukurasa mtupu wenye maelezo una adabu kuliko websaiti ya kubeti.

Kuna juhudi ya hapa hapa nyumbani pia nisiiruke. TCC Africa, kituo cha mafunzo ya mawasiliano ya utafiti kilicho Nairobi, wanaongoza kitu kinaitwa Africa PID Alliance (PID ndio vitambulishi vya kudumu kwa Kiingereza), na wametengeneza kitambulishi chao, DOCiD, chenye lengo la kubeba hata vitu ambavyo mfumo wa makala na dataseti haukuvifikiria vizuri, kama maarifa ya jadi na urithi wa utamaduni. Wazo nalipenda, kwa sababu rekodi ya mzee wa Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, akieleza mti gani unatibu nini haikai vizuri kwa fomu iliyotengenezwa kwa jedwali la Excel, na swali la nani ana haki ya kuifungua ni zito kuliko leseni ya kawaida. Ila swali langu kwao ni lile lile ninalowauliza wengine: miaka ishirini kutoka leo nani analipa seva? Wakijibu hilo vizuri nitakuwa wa kwanza kuwapigia debe.

Sasa pesa. Zenodo ni bure kwa mtafiti mmoja mmoja, lakini chuo kikitaka repozitori yake na DOI zenye jina lake, lazima kijiunge DataCite, na ada ni za mwaka na ni za euro, na ukienda kwa fainansi na invoisi ya euro ya kitu ambacho hakionekani kwa macho, utarudi na jibu unalijua. Wanaotaka kukwepa ada kabisa wana ARK, mfumo wa vitambulishi uliotoka California Digital Library mwaka wa 2001, hauna ada, lakini hapo unaendesha mwenyewe na tumerudi kwa ile kompyuta ya sekretari. DataCite yenyewe ilianzisha mfuko wa Global Access Fund 2023 kusaidia sehemu kama zetu. Ni mzuri lakini ni ruzuku, na ruzuku ndio ile ile iliyolipia websaiti ya maji mpaka ikaisha.

Njia ninayoona inaweza kushika ni ya kuchanga. DataCite wanaruhusu taasisi nyingi kuingia chini ya mwavuli mmoja, mmoja anabeba uanachama, wengine wanagawana gharama. Na sisi si wageni wa kuchanga kwa namna hiyo, maktaba za vyuo vyetu zimekuwa zikifanya hivyo kwa miaka kupitia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, kulipia majarida ya kielektroniki, kwa sababu hakuna chuo kingeyaweza peke yake. Tunachanga kila mwaka ili tusome utafiti wa wengine. Kuongeza kiasi juu yake ili utafiti wetu nao upatikane, huo mjadala sijausikia ukifanywa kwa sauti, na watu wa maktaba ninaoongea nao wanasema wako tayari ila hakuna anayewauliza, wanaoulizwa ni watu wa ICT, na watu wa ICT wanasema hiyo ni kazi ya maktaba. Kama uko kwa kamati ya maktaba ya chuo chako na bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, uliza hiyo gharama inaweza kuingia kwa mchango ule ule wa majarida, na ukipata jibu la kueleweka niandikie hapo chini.